Habari za Sakafu na Mafundi Wake, kutoka Kilwa hata Kwala

Neno sakafu tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni paa. Lilipofika pwani yetu neno hilo lilishuka. Katika nyumba ya mawe yenye ghorofa, paa la chumba cha chini ndilo ardhi ya chumba cha juu. Akaaye chini huliinulia macho, na akaaye juu hulikanyaga kwa nyayo. Wenyeji wetu walilitazama kutoka juu, kisha wakalipa jina hilo kila ardhi ya nyumba iliyotengenezwa ikawa ngumu, hata ile isiyo na chumba chini yake. Hivyo ndivyo lilivyo jambo lenyewe: watu hulikanyaga bila kulitazama. Juu ya milango ya nakshi ya Unguja na Lamu zimeandikwa kurasa nyingi. Juu ya sakafu zimeandikwa chache, na juu ya waliozitengeneza chache zaidi.

Kilichonisukuma kuzikusanya habari hizi ni swali linaloulizwa siku hizi darasani na barazani: akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, itaifanya nini kazi ya mtu? Wanaouliza huwahurumia kwanza karani, mfasiri, mwalimu na mwandishi, labda kwa kuwa waulizaji wengi ni watu wa kalamu na kila mtu huanza na jeraha lake. Mimi nataka kuuliza juu ya fundi wa sakafu, na mahali pa kuulizia nimepachagua Kwala.

Kwala ni kata ya Wilaya ya Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, wilaya ambayo imepakana na Kisarawe. Wadachi walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Nayo ilipita upande huu wa nchi ya Ruvu. Karne moja baadaye ilijengwa reli ya pili, ile ya kisasa, ambayo ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwezi wa Juni 2024. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala, ili makontena yapunguze msongamano wa bandari ya Dar es Salaam na kuelekea bara kwa reli. Na kando ya bandari hiyo pametengwa eneo la viwanda ambalo linakusudiwa kuwa na viwanda zaidi ya 200. Mtu akipatazama mahali hapo kwa jicho la fundi, hataona kitu kisichoanza na sakafu. Yadi ya makontena ni sakafu. Barabara ya zege itokayo Vigwaza, yenye kilomita 15 na ushei, ni sakafu iliyonyooshwa. Ghala ni sakafu iliyoezekwa.

Basi kabla ya kuuliza mashine ya kesho itafanya nini hapo, yatupasa kujua vitu vipya vya jana vilimfanya nini fundi huyu. Maana si mara ya kwanza kwake kupigiwa hodi na jambo geni.

Tuanze na chokaa. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, kama vile Husuni Kubwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilizojengwa karne nyingi baadaye, kazi ilikuwa ya namna moja. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya tanuu la magogo lililozungushwa duara, magogo yakachomwa, mawe yakageuka chokaa, nayo ikaachwa ipoe na kuiva kwa maji na muda. Boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hata ukuta, na juu yake mawe bapa, na juu ya mawe tabaka la chokaa, mchanga, udongo mwekundu na kokoto za matumbawe, unene wa shubiri moja na pengine zaidi. Kisha lilianza jambo ambalo wageni wengi waliofika Unguja walilistaajabia: watu walijipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaipiga ile chokaa kwa nyimbo na ngoma, siku baada ya siku, mpaka maji yapande juu na uso ushikane ukawa kama jiwe moja.

Nyimbo hazikuwa pambo. Chokaa ikipigwa kwa nguvu mahali pamoja na kwa ulegevu mahali pengine hupasuka inapokauka; wimbo ndio uliosawazisha mikono mingi iwe kama mkono mmoja. Kwa lugha ya leo twaweza kusema kuwa wimbo ulikuwa kipimo. Vipimo vingine navyo vilikaa katika mwili wa mtu: shubiri, dhiraa, wari na pima. Hata upana wa chumba uliamuliwa na kitu kilicho nje ya matakwa ya tajiri, nacho ni urefu wa boriti iliyoweza kubeba uzito ule bila kupinda. Ndiyo sababu vyumba vya kale vya pwani vina upana wa dhiraa sita hivi, ingawa urefu wake waweza kuwa mkubwa sana. Boriti hizo zilikatwa katika delta ya Rufiji na kwingineko, na nyingine zilisafiri kwa majahazi hata Arabuni na Ghuba, zikaamua upana wa vyumba vya huko pia.

Lakini tusiipambe historia. Katika Unguja ya karne ya 19 wengi katika waliobeba mawe, waliochoma tanuu na waliopiga chokaa walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa haikufutwa kisheria huko hata mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Anayesikia sifa za nyimbo za sakafu na akatamani zirudi, na akumbuke kwamba si kila aliyeimba aliimba kwa hiari. Ujuzi ulikuwa wao. Malipo yalikuwa ya mwingine. Jambo hili la ujuzi kukaa kwa mtu mmoja na faida kukaa kwa mwingine ni la kale kuliko mashine yoyote, na tutakutana nalo tena kabla ya kufika mwisho.

Jambo geni la kwanza lilikuwa saruji. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds katika Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1824, na mwanzoni mwa karne ya 20 saruji ilikuwa ikishuka katika bandari zetu. Mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji ya nchini. Ni ajabu kidogo kwamba mawe ya kilima kile ni matumbawe ya bahari ya kale, ndugu wa mawe yale yale yaliyochomwa na mafundi wa Kilwa. Jiwe halikubadilika sana. Moto ndio uliohama. Ujuzi wa kuchagua jiwe, kupanga gogo, kuangalia rangi ya moshi na kungoja chokaa iive uliondoka kwa fundi wa mtaani ukaingia kiwandani, ukamrudia ukiwa umefungwa katika mfuko wa kilo 50. Fundi hakuhitaji tena kujua saruji imetoka wapi wala imeivaje. Alihitaji kujua mfuko mmoja huchukua karai ngapi za mchanga.

Je, fundi alitoweka? La hasha. Aliongezeka. Saruji ilifanya sakafu ngumu iwezekane kwa mtu asiye tajiri wa Mji Mkongwe. Nyumba ya udongo wa kushindilia ya Mzaramo au Mkwere iliweza kupata sakafu kwa mifuko michache. Kazi mpya zilizaliwa na maneno yake yakazaliwa nazo. Fundi alijifunza kumwaga jamvi, yaani tabaka la zege la chini, neno zuri lililotoka katika mkeka wa kukalia likaenda kukaa chini ya nyumba nzima. Alijifunza kupiga niru, ule uso laini wa saruji tupu unaosuguliwa kwa mwiko ukiwa ungali mbichi, pengine ukatiwa rangi nyekundu. Na niru nzuri iliyosuguliwa na mkono mzuri ilidumu miaka arobaini ikiwa inang'aa kuliko siku ilipopigwa. Kwa hiyo saruji ilichukua ujuzi mmoja na ikadai mwingine.

Kilichopotea hakikuonekana mara moja. Kilionekana pale nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja zilipoanza kuharibika na watu wakazitengeneza kwa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua; huingiza unyevu na kuutoa. Saruji huuziba, unyevu hubaki ndani, na ukuta huoza chini ya lipu iliyo nzuri kwa macho. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji huo, na katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan lilipoitengeneza upya ile zahanati ya kale iliyo mbele ya bandari, ilibidi mafundi wafundishwe upya kazi ya chokaa. Mjukuu wa mpiga sakafu alifundishwa darasani kile ambacho babu yake alikijua kwa wimbo. Vizazi viwili au vitatu vilitosha kukatisha ujuzi wa miaka 600 na zaidi. Haukukatishwa na mtu aliyeukataza, bali na kukosa kijana wa kusimama karibu na mzee wakati kazi inafanyika.

Hapa yafaa kuwalinganisha mafundi wa sakafu na ndugu zao wafumaji, ambao bahati yao ilikuwa mbaya zaidi. Wachimbuaji wa Kilwa walipata vigurudumu vingi vya kusokotea pamba, ishara ya kuwa pwani hii ilisokota na kufuma nguo zake kwa karne nyingi. Sultani Said alipofanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, nguo za viwanda vya Marekani zilimiminika hata zikapewa jina la nchi yao, merikani. Mfumaji wa mkono hakuweza kushindana nazo, na kitanda chake cha mfumi kikanyamaza katika miji mingi. Kwa nini mfumaji alizama na fundi wa sakafu akaelea? Jibu ni jepesi: nguo husafiri, sakafu haisafiri. Nguo yaweza kufumwa Massachusetts ikavaliwa Bagamoyo. Sakafu hutengenezwa pale pale itakapokanyagwa, juu ya udongo wa pale, katika chumba ambacho hakuna kingine kama hicho. Karne mbili za viwanda hazikuipata njia ya kulizunguka jambo hilo.

Walipata nusu ya njia. Kitu cha pili kigeni kilikuwa kigae cha kiwandani, ambacho mafundi wetu hukiita marumaru kwa kumpa maskini jina la tajiri. Kwa kuwa marumaru ya kweli ni lile jiwe lililotandikwa katika majumba kama Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa mwaka 1883. Marumaru hizi za leo ni udongo uliochomwa. Kwa muda mrefu zilitoka ng'ambo, na katika miaka ya 2010 Mkoa wa Pwani wenyewe ukawa nyumba yake: kiwanda cha Goodwill kilijengwa Mkuranga na kile cha Twyford katika Chalinze. Haishangazi kwamba mkoa huu uliitwa kwenye kazi ya udongo. Katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, iko akiba kubwa ya kaolini, udongo mweupe ambao wataalamu wa kauri huutafuta duniani kote. Kwa marumaru, uso wa sakafu ulikuja umekwisha kamilika. Ujuzi wa niru, yaani kujua saa ya kusugua, haukuhitajika tena. Hata kipimo kilikuja kimechapwa juu ya sanduku: sentimita 30 kwa 30, kisha 40, kisha 60 na zaidi.

Basi fundi alibakiwa na nini? Alibakiwa na chumba. Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu wasiojua kazi hii hudhani kuwa kutandika marumaru ni kupanga vipande kama mtoto apangavyo karata. Chumba cha nyumba ya kawaida ya Kibaha au Kisarawe mara nyingi si mraba. Ukuta mmoja umeingia ndani vidole viwili, jamvi limezama katika pembe moja, na mlango hauko katikati. Fundi huingia akanyamaza. Huvuta kamba kutoka ukuta hata ukuta, hupima tatu upande mmoja na nne upande wa pili, na mshazari ukitoka tano hujua kuwa pembe yake ni mraba. Kanuni hii ni ya kale kuliko vitabu vyote vya shule zetu. Kisha huamua aanzie wapi, ili vipande vilivyokatwa viangukie nyuma ya mlango au chini ya kabati, wala visiangukie mbele ya macho ya mgeni. Huamua maji ya bafu yaelekee wapi. Huweka pima maji, hugonga kwa nyundo ya mpira, na baadaye hurudi akigonga kila kigae kwa mpini wa mwiko na kutega sikio: kilichoshika hutoa sauti nzito, na chenye uwazi chini yake hulia kama chungu kitupu. Kigae kinacholia hivyo kitapasuka siku kitakapowekewa mguu wa kitanda. Na kadiri marumaru zinavyozidi kuwa kubwa ndivyo jamvi linavyotakiwa kuwa sawa zaidi, kwa maana kigae kikubwa hakisamehe kilima kidogo.

Tena fundi huyu ndiye aliyejua bei. Mwenye nyumba humwita aje kuiona kazi. Anapokizunguka chumba na futi mkononi huona yale ambayo mwenyewe hayaoni, na ujuzi huo ndio nguvu yake wakati wa kupatana. Anajua zitapotea marumaru ngapi katika kukata. Anajua jamvi litataka kusawazishwa kwanza. Mwenye mali ana fedha na fundi ana kipimo, na mapatano hufanyika baina ya hivyo viwili.

Sasa tuitazame akili mnemba. Wanaoihofia kwa ajili ya fundi huiona katika sura ya mtu wa chuma anayetandika marumaru, na mashine hiyo si hadithi. Katika mji wa Foshan nchini China, kampuni ya ujenzi ya Country Garden iliunda mwaka 2018 kampuni ya roboti iitwayo Bright Dream Robotics, na miongoni mwa roboti zake zimo za kutandika vigae na za kusawazisha zege. Zafanya kazi katika vyumba vipana vilivyo sawa, vinavyofanana kwa mamia. Lakini mwaka 2023 Country Garden yenyewe ilishindwa kulipa madeni yake, na hapo tunakumbushwa kwamba roboti nayo hula. Chakula chake ni mtaji. Mahali ambapo ujira wa fundi na saidia wake ni mdogo, na vyumba viwili havifanani, mtu wa chuma atachelewa kufika. Simwogopi sana.

Namwangalia zaidi yule mwingine asiye na mikono. Katika California kampuni ya Dusty Robotics, iliyoanzishwa pia mwaka 2018, ilitengeneza kigari kidogo ambacho hakitandiki chochote. Hutembea juu ya zege tupu na kuchora mistari: ukuta hapa, mlango pale, kama ramani ya mhandisi inavyotaka. Kazi ya mkono imemwachia binadamu. Yenyewe imechukua mstari. Tangu mwaka 2020 ziko simu za mkononi zenye leza ya kupimia umbali. Mtu hukizungusha chumba kwa kamera, na programu humwambia ukubwa wake na marumaru zitakazohitajika. Akili mnemba huongeza juu ya hayo: huchora sura ya chumba kilichokwisha tandikwa, huchagua mahali pa kuanzia, huandika makisio ya bei. Sakafu bado haisafiri. Lakini ujuzi wa chumba, ambao ndio uliomlinda fundi asipatwe na yaliyompata mfumaji, umeanza kusafiri. Mkandarasi aliyeketi ofisini mbali na Kwala aweza kukijua chumba kabla fundi hajavua viatu, na atakapomwita atamwita kama mkono tu, bei ikiwa imekwisha kuandikwa.

Wataalamu waliojaribu kutabiri wamepinduka katika muda wa miaka kumi. Mwaka 2013 Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Oxford walikadiria kuwa asilimia 47 ya ajira za Marekani zimo katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na mashine, na kazi za zege na za kutandika sakafu waliziweka upande wa hatari. Mwaka 2023 watafiti wa OpenAI, pamoja na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walitazama programu za lugha wakasema kinyume: wenye kalamu ndio wataguswa zaidi. Wakatoa orodha ya kazi 34 ambazo hawakuona kazi yoyote ndani yake itakayoguswa. Humo wamo wamalizaji wa zege. Wamo baadhi ya watandika sakafu. Tena wamo wasaidizi wa waashi na wa mafundi wa marumaru. Wengi waliisoma orodha hiyo kama bishara njema kwa watu wa karai na mwiko. Mimi nimeisoma mara mbili, na jambo lililonishika ni kwamba saidia wa fundi wa marumaru yumo, lakini fundi wa marumaru mwenyewe hayumo.

Sababu yake si fumbo. Saidia hubeba, huchanganya na kufagia, na programu haina mgongo wa kubebea. Fundi hupima, huhesabu, huchagua na kupatana, na hayo yote yana sehemu inayoweza kuandikwa. Kwa hiyo mashine hii, tofauti na zile za zamani zilizoanza na mzigo, yaanza na kile kilichomtofautisha fundi na kibarua. Ikiendelea hivyo bila mtu kuizuia, hatutabaki bila watandika sakafu. Tutabaki na saidia wengi wasio na fundi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya namna tunavyofundishana. Ziko shule za ufundi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na uashi hufundishwa humo. Tena uko utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunza mtaani. Lakini mafundi wengi wamepitia mlango wa saidia. Kijana hubeba karai mwaka mmoja au miwili, akiangalia. Siku moja fundi humpa pembe iliyo nyuma ya mlango, pale kosa lisipoonekana. Zamani mwanagenzi alipohitimu alimpa fundi wake ada ya kilemba. Leo ada hiyo imesahaulika na jambo lenyewe lingaliko. Ngazi hiyo ina vipago viwili tu, kubeba na kupima. Ukiondoa kipago cha pili, cha kwanza si ngazi tena.

Yako mambo ya kuitetea mashine, nami sitayaficha. Mfuko wa saruji ulipokuja ulimwondolea fundi ujuzi mmoja ukampa wateja elfu. Huenda simu ikafanya vivyo hivyo. Fundi mwenye elimu ndogo ya kuandika, ambaye hapo awali alipoteza kazi kwa kuwa hakuweza kuandika makisio ya bei ya kumridhisha mkandarasi, aweza leo kuisemesha programu kwa Kiswahili ikamwandikia. Aweza kuihoji juu ya gundi ngeni iliyoandikwa Kichina. Yote hayo ni faida akiwa yeye ndiye aliyeishika simu.

Lakini hapo twaingia katika shamba letu sisi wa chuoni. Mashine hizi hujifunza kwa yaliyoandikwa. Niru, jamvi, timazi, pima maji, lipu, karai: maneno haya ni hai mitaani na ni machache mno katika maandishi. Fundi akiisemesha mashine kwa lugha ya kazi yake yaweza isimwelewe, au imjibu kwa maneno ya kamusi ambayo hakuyasikia tangu azaliwe, na sisi tutasema kwamba fundi hana elimu. Kwa miaka mingi tumekusanya tenzi na hadithi, na tumefanya vizuri. Lugha ya mwiko hatukuikusanya. Na siku tutakapoikusanya litazuka tena swali lile la wapiga chokaa wa Unguja, kwamba ujuzi ni wa nani na malipo ni ya nani. Mzee atakayetueleza namna ya kuijua niru iliyo tayari kwa kuigusa kwa kidole atakuwa ameiuza kazi yake ya mwisho, na sijaona bado mahali alipoandikiwa bei.

Turudi Kwala. Maghala ya namna ile yanayokusudiwa pale hayatandikwi kwa marumaru. Yanataka uso mmoja wa zege wa maelfu ya mita za mraba. Mashine ya kusawazisha zege kwa mwongozo wa leza iliingia sokoni Marekani mwaka 1986, na tangu miaka hiyo sakafu za maghala makubwa duniani zimepimwa kwa namna ambayo jicho la mtu haliwezi, kwa sababu aliyekusudiwa kuzikanyaga si mtu. Ni gari la kuinulia mizigo, ambalo nguzo yake ikiwa juu huyumba kwa kila kilima kidogo kilicho chini ya gurudumu. Katika sakafu kama hizo fundi wa kimtaa huitwa kumaliza kingo na pembe, mahali mashine isipofika. Lakini kuzunguka viwanda patajengwa nyumba za wafanyakazi, maduka, zahanati, shule na misikiti, vyumba vidogo vingi visivyokuwa mraba, na humo ndimo kazi nyingi ya miaka ijayo itakapokuwa. Fundi atakayeingia humo huenda akaikuta mistari imekwisha chorwa sakafuni na hesabu ya marumaru imekwisha fanywa. Kwa sasa bado ataweka mwenyewe, na akimaliza bado atarudi na mpini wa mwiko, akigonga kigae kimoja baada ya kingine na kutega sikio. Hata hilo mashine yaweza kulifanya. Sauti ni kitu kinachorekodiwa na kulinganishwa. Kijana anayebeba karai hakufundishwa kugonga na mtu yeyote; alijifunza kwa kusimama karibu na kuisikia tofauti mara elfu, mpaka siku moja akasema kabla ya fundi kusema kwamba hiki hakikushika.